Mguu Uliochelewa

Fundi alikuwa ameifungua pasi ya jirani na kuitandaza vipande vipande juu ya gazeti pale barazani, simu ilipoita ndani. Alimwachia mkewe apokee. Siku hizi simu nyingi zilizomtafuta yeye zilikuwa na habari moja tu: fulani katutoka, maziko kesho, wenzake wafike. Mkewe alisikiliza, akasema pole mara tatu, akaja kusimama mlangoni na simu ameibana kifuani.

"Ni Kimya," alisema. "Alfajiri ya leo. Binti yake ndiye aliyepiga."

Fundi aliweka bisibisi chini. Hakulia. Alihisi tu uchovu ukimshuka kutoka mabegani hadi viganjani, ule uchovu ambao usingizi hauutoi. Kisha akaiokota tena bisibisi akaimaliza ile pasi, maana jirani alikuwa anaihitaji jioni ileile.

Kimya lilikuwa jina la utani, na lilianza kama mzaha, kwa kuwa mwenyewe alikuwa mpiga dramu. Watu wa studio walimbandika jina hilo kwa sababu mdomo wake ulikuwa mzito kufunguka. Aliingia asubuhi, akasalimu, akafunga vyuma vyake, akapiga kutwa, akafungua vyuma vyake, akaaga. Miaka ishirini na saba alikuwa mpigaji wa kukodiwa katika studio ambayo Fundi ndiye aliyekuwa bwana mitambo wake. Bendi ikija na mpiga dramu wake, naye akaanza kutetemeka mbele ya vipaza sauti, aliitwa Kimya. Mwimbaji akija peke yake na daftari la mashairi kwapani, aliitwa Kimya. Nyimbo za harusi, nyimbo za chanjo, nyimbo za kutangaza sabuni, nyimbo za watu walioachwa na wapenzi wao: nyuma ya zote alikaa yeye, juu ya kigoda chake cha miguu mitatu, na juu ya jalada la santuri jina lake hukulikuta.

Walimzika siku ya pili yake. Fundi alihesabu watu kumi na mmoja, na wawili kati yao walikuwa wachimba kaburi. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo ukashika viatu, na kila mtu aliondoka akiwa anakokota kilo mbili za matope. Binti wa marehemu alipeana mikono na wote, akawashukuru kwa sauti iliyokauka, akapanda gari la jirani akaenda zake. Alikuwa mkunga katika hospitali kubwa na alikuwa ameomba ruhusa ya siku mbili tu.

Wiki mbili baadaye mkunga huyo alibisha hodi kwa Fundi, saa nne asubuhi, bado kavaa viatu vyake vyeupe vya kazini. Alikuwa ametoka zamu. Alimpa Fundi shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaketi kwenye kiti cha plastiki kwa namna ya mtu ambaye kuketi kwenyewe kumekuwa starehe. Fundi aliona kwamba alikigeuza kiti kidogo, akamwelekezea upande wa kulia wa kichwa. Sikio la kushoto lilikuwa halisikii kitu tangu utotoni. Hilo Fundi alilijua. Alilijua kuliko alivyotaka kulijua.

Mkunga alieleza kilichomleta. Chama cha wanamuziki kilikuwa kimeshtuka, baada ya maziko kupita, kwamba kimempoteza mtu mkubwa. Kikaandaa kikao cha kumkumbuka, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, katika ukumbi wa chama. Katibu alimtaka binti aandike ukurasa mmoja wa maisha ya baba yake. Akatoa karatasi kwenye mkoba, akaikunjua juu ya goti.

"Nimeandika mistari minne, baba mdogo," alisema. "Kuzaliwa, kuoa, kunizaa mimi, kufa. Wa tano sina. Nimeishi naye nyumba moja, miaka mitatu ya mwisho nimemwogesha na kumlisha kwa mikono hii, na sijui alikuwa anafanya nini akitoka nyumbani."

Fundi alianza kumtajia nyimbo. Alitaja moja, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne mkunga aliinua mkono amsimamishe. Wimbo ule, alisema, walikuwa wakiuimba wodini, wauguzi na akina mama pamoja, mtoto akigoma kutoka. Kumbe dramu ni ya baba? Fundi akasema ni ya baba. Na ule wa tangazo la maziwa, ambao kila mtoto wa rika lake aliurukia kamba? Ni yeye. Na ule mwingine, wa mwimbaji Bingwa, ambao wapiga dramu wote wanaujaribu wakitaka kuonyesha wanajua kazi?

"Huo hasa," Fundi alisema, na akaacha hapo.

Mkunga aliuliza kwa nini basi jina halikuwepo popote. Fundi angeweza kusema ndivyo mambo yalivyokuwa, na isingekuwa uongo. Lakini fomu za majalada alizijaza yeye mwenyewe kwa kalamu yake. Fomu ilikuwa na mistari minne ya majina. Mwimbaji, gitaa la kwanza, gitaa la pili, besi. Chini yake aliandika "na wenzao". Miaka yote hiyo hakuwahi kugeuza karatasi na kuendelea upande wa pili. Alimwambia hivyo hivyo, bila kujipamba. Mkunga alimtazama, si kwa hasira, akasema kwamba hata hospitalini fomu ina nafasi ya jina la daktari, ya mkunga haina.

Kisha akasema jambo ambalo Fundi alikuwa akilisubiri tangu aone vile viatu vyeupe vikikanyaga kizingiti.

Alisema kwamba kumwandikia baba yake sifa kulikuwa kunamshinda. Alipokuwa na miaka sita alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Alilazwa, madaktari wakampa mama yake maneno ya kujiandaa. Na siku ile mbaya kuliko zote, degedege lilipomkamata mara tatu mfululizo na sikio likafa, baba hakuwepo. Alikuwa ameondoka asubuhi kwenda kurekodi. Mama yake alimsimulia hayo, akamsimulia tena, na kila walipogombana na mumewe aliyarudia mbele yake: mtoto anakufa, wewe unapiga ngoma. Baba hakuwahi kujibu. Mama alikuwa amefariki miaka minane nyuma, bado anayasema.

"Sikumchukia," mkunga alisema. "Nilimwogesha. Lakini nikikaa niandike alikuwa baba mwema, kalamu inagoma."

Pale pale Fundi alitakiwa kusema. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini alikuwa mzee wa miaka sabini na moja, kiuno kilimuuma, na yule mwanamke mbele yake macho yalikuwa yanafumba yenyewe. Akajiambia si leo. Akamwahidi kwamba atatafuta mikanda, atamwandikia orodha ya nyimbo zote, arudi Alhamisi. Mkunga akashukuru akaenda kulala. Mkewe Fundi, aliyekuwa anachambua mchele dirishani, alingoja hadi lango likafungwa.

"Umemwacha aondoke hivyo hivyo," alisema.

"Nimemwacha."

"Haya."

Mikanda ilikuwa chini ya kitanda chao. Studio ilipofungwa, jengo likawa ghala la rangi za kupaka nyumba, Fundi alikodi mkokoteni akaihamisha, maboksi arobaini na moja, kabla wenye jengo hawajaitupa. Tangu siku hiyo mkewe alikuwa akilala juu ya waimbaji mia tatu, kama alivyopenda kulalamika kwa wageni, na aliyekoroma humo chumbani ni mumewe peke yake. Sasa wakaivuta nje pamoja. Fundi alisoma daftari za kazi za zamani, zile alizoandika kila siku nani kaingia studio na kupiga nini, na mkewe aliandika, kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka. Iliwachukua siku sita. Walifika nyimbo mia mbili na kumi na nne, wakasimama hapo, si kwa kuwa zimekwisha bali kwa kuwa panya walikuwa wamekula daftari mbili.

Mkanda wa ule wimbo wa Bingwa aliuweka pembeni. Siku ya sita, mkewe alipokwenda sokoni, aliuvisha kwenye mashine akausikiliza peke yake.

Alikuwa na uhakika kwamba anakumbuka kila kitu cha siku ile. Alikumbuka jinsi Bingwa alivyokuwa na safari ya nje kesho yake, na jinsi alivyoapa kwamba hatafungua mdomo kama Kimya hayupo nyuma yake, kwa maana mpigaji mwingine angemkimbiza kama polisi. Alikumbuka alivyotoka yeye mwenyewe, Fundi, akaenda hospitali, akamkuta Kimya amekaa sakafuni kando ya kitanda cha mtoto, macho mekundu, usiku wa nne hajalala. Alimwambia ni kazi ya saa mbili tu. Alimwambia mtoto amelala, mama yake yupo, madaktari wapo, saa mbili tu ndugu yangu, halafu nakurudisha mwenyewe. Akamshika mkono akamnyanyua. Kimya alinyanyuka. Hakuwa mtu wa kubishana.

Na alikumbuka ule mguu. Mguu wa kulia, unaokanyaga ngoma kubwa, ulikuwa unachelewa kila pigo la nne. Si kuchelewa kwa kuharibu. Ni kuchelewa kwa mtu anayepanda ngazi, akafika ya mwisho, akasita kabla ya kuikanyaga. Wimbo mzima ukawa unajiburuta, na Bingwa alipoimba juu yake sauti yake ikapata huzuni ambayo haikuwahi kuwa nayo. Ulipotoka, ulishika kila mahali. Wapiga dramu wakaanza kuuchunguza. Wakaupa jina, mburuto. Wapigaji wa bendi za hotelini wakawafundisha wanafunzi wao: pigo la nne usiwe na haraka nalo, liache likufuate. Watu walijenga riziki juu ya mguu wa mtu aliyekuwa amechoka.

Lakini alichokuwa amekisahau kilikuwa kwenye mkanda. Zamani mkanda ulikuwa ghali, ila Bingwa alilipiwa na wakubwa, kwa hiyo mashine haikuzimwa kati ya jaribio moja na jingine. Ilinasa kila kitu: viti vikisukumwa, mpiga besi akipiga chafya, Bingwa akidai maji ya moto. Na kila walipomaliza kupiga, ilisikika sauti ya chini, iliyo mbali na kipaza sauti.

"Saa ngapi sasa?"

Halafu sauti yake mwenyewe, ya kijana aliye nyuma ya kioo cha mitambo, kali, yenye furaha ya kazi:

"Saa tano kasoro. Acha kuuliza saa, ndugu yangu. Tupige."

Fundi alizima mashine, akatoka barazani, akasimama jua likimwakia utosini. Baadaye akarudi akausikiliza hadi mwisho, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kuufanyia kazi hiyo.

Alhamisi mkunga alikuja. Safari hii Fundi hakumpa nafasi ya kuketi vizuri. Alimwambia kabla ya salamu kwisha.

"Aliyemtoa baba yako wodini siku ile ni mimi. Hakutoka mwenyewe. Nilimfuata nikamnyanyua kwa mkono, nikamwambia ni saa mbili."

Mkunga alikuwa anafungua kamba ya kiatu. Aliiacha katikati.

"Zikawa ngapi?"

"Saba."

Fundi akamsogezea kiti karibu na spika, upande wa sikio zima, akawasha. Walisikiliza wote wawili, na mkewe akiwa amesimama mlango wa jikoni na kitambaa cha mezani mkononi. Wimbo ulianza ukakatika, ukaanza ukakatika. Saa ngapi sasa. Saa tano na nusu. Wimbo. Saa ngapi. Saa sita, bado kidogo, usiwe kama mtoto wa shule anayesubiri kengele. Na kicheko cha watu chumbani. Wimbo. Ile mara ya mwisho Kimya alipouliza, hakuna aliyemjibu. Ulisikika mlio mdogo wa fimbo zikiwekwa juu ya ngozi ya ngoma, kisha Fundi wa siku zile akisema, hapo mguu wako umechelewa, rudia uusahihishe. Na Kimya akasema, "Siwezi zaidi ya hapo. Nipelekeni."

Mkanda uliisha, ncha yake ikawa inapiga mashine, tap, tap, tap. Fundi alinyoosha mkono akaisimamisha.

Mkunga aliuliza mara ngapi. Fundi akasema tisa. Akauliza kama walimpeleka. Fundi akasema ndiyo, walimpeleka, lakini walipofika mambo yalikuwa yamekwisha kutokea; mama yake alikuwa kwenye korido, na alipomwona mumewe aligeukia ukuta.

"Kwa nini hakumwambia? Miaka thelathini mama alimsema kwa hilo. Angefungua mdomo mara moja tu."

"Angelazimika kunitaja mimi. Na kesho yake tulikuwa kazini pamoja."

"Mlionana kila siku."

"Kila siku."

"Na hamkulizungumza."

Fundi alisema walilizungumza mara moja. Mwaka mmoja baada ya hapo, vijana fulani walikuja studio wakataka kusikia mkanda wa mburuto. Fundi akaweka. Kimya alinyanyuka kwenye kigoda chake akaja hadi kwenye kioo, akamwambia: huo usiuweke nikiwa humu. Basi. Alisema kwa upole kama mtu anayeomba mlango ufungwe. Na wote waliokuwepo wakafikiri ni unyenyekevu.

Mkunga aliinama akamaliza kuvua kile kiatu, kisha na cha pili, akaviweka sambamba kando ya kiti. Nyayo zake zilikuwa zimevimba. Aliweka mikono magotini.

"Nimechoka, baba mdogo," alisema. "Nimetoka kuzalisha wanne, na mmoja hakulia. Nikipata nguvu nitakukasirikia. Leo sina."

Mkewe Fundi alimletea chai, akamwekea sukari bila kumuuliza. Kabla hajaondoka mkunga alisema jambo moja zaidi. Kule ukumbini mambo ya hospitali yasitajwe. Hayo yalikuwa ya kwao, ya nyumba yao. Watu wa ukumbini walikuwa wanataka nyimbo, basi wapewe nyimbo.

Jumamosi ukumbi ulijaa nusu. Kulikuwa na viti vya chuma, feni moja iliyozunguka na moja iliyokataa, na picha ya Kimya iliyokuzwa kutoka kwenye kitambulisho, kwa kuwa nyingine haikupatikana. Mkunga alikaa safu ya mbele, kiti cha mwisho kushoto, ili sikio lake la kulia lielekee jukwaani. Ukurasa wake ulisomwa na katibu. Ulikuwa bado mfupi. Lakini sasa ulikuwa na mstari wa tano: alikuwa fundi wa kazi yake, na alipotakiwa nyumbani alitaka kuwa nyumbani.

Mpiga dramu wa hoteli moja, mtu mzima mwenye mvi, alipanda akasema kwamba hakuwahi kukutana na marehemu hata siku moja, lakini ndiye aliyemfundisha. Alinunua santuri ya Bingwa akiwa fundi seremala, akaicheza hadi ikakwaruzika, akipiga juu ya ndoo mpaka mguu wake ukajifunza kuchelewa. Kisha akakaa kwenye dramu akaupiga mburuto ule, peke yake, bila gitaa. Aliupiga sawasawa kabisa. Fundi aliyasikiliza mapigo yale ya nne, moja baada ya jingine, akaangalia sakafu.

Akafuata Bingwa. Alikuwa amezeeka vizuri, suti yake imekaa, sauti imekwaruza. Alisimulia safari zake za nje, akawataja marais waliompa mkono, akapita kwa marehemu mara mbili tatu kama mtu anayepita kituo ambacho hashuki. Mwishoni akasema kwamba siku ya kurekodi wimbo ule yeye ndiye aliyemgeukia Kimya na kumwambia: buruta mguu, ndugu, nataka wimbo huu ulie. Watu wakapiga makofi.

Katibu akamwita Fundi. Alipanda vidaraja vitatu vya jukwaa kwa kushika goti. Hakuwa na hotuba. Alikuwa na karatasi saba zenye mwandiko wa mkewe.

"Hakuna aliyemwambia aburute," alisema. "Nilikuwa nyuma ya kioo. Nilimwambia mguu umechelewa, ausahihishe, akaniambia hawezi zaidi ya hapo. Mimi ndiye niliyetaka kuuharibu. Na majina ya majalada niliandika mimi, na lake sikuliandika. Sasa nitazisoma alizopiga. Ni nyingi, mwenye kazi zake aende, sitamlaumu."

Akaanza kusoma. Jina la wimbo, mwaka, aliyeimba, na kila mara mwishoni, dramu, akalitaja jina kamili la marehemu, lile la kwenye kitambulisho, ambalo wengi mle ndani walikuwa hawajawahi kulisikia. Kwenye wimbo wa kumi watu walikuwa bado wanatabasamu. Kwenye wa thelathini wakaanza kutazama simu zao. Lakini kila baada ya muda ungesikia mtu akiguna, au akimgonga mwenzake kiwiko: hata huo? Mama mmoja alicheka kwa sauti tangazo la sabuni lilipotajwa, kisha akafuta macho. Wengine waliondoka kwa kunyata. Feni nzima nayo ikasimama, umeme umekatika, joto likapanda. Fundi alikunywa maji, akageuza karatasi, akaendelea. Sauti ilimkauka kwenye mia na ishirini. Mpiga dramu wa hoteli alimletea kigoda cha dramu, akaketi, akasoma ameketi. Ilimchukua saa moja na dakika ishirini. Alipomaliza walikuwa wamebaki watu kama thelathini, na makofi yao yalikuwa hafifu, ya watu wenye njaa.

Bingwa alikuwa miongoni mwa waliobaki. Alimngoja Fundi chini ya vile vidaraja, akamshika mkono asianguke. Fundi alitegemea maneno makali, na alikuwa amechoka kiasi kwamba hayangemuumiza.

"Sikujua ni nyingi hivyo," Bingwa alisema. "Kumi na saba ni zangu. Nilikuwa nahesabu."

Hakuomba msamaha, wala Fundi hakumdai. Walitoka nje pamoja wakitafuta upepo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Katibu aliichukua orodha akaipiga chapa, ikabandikwa ukumbini. Redio moja ikawa inalitaja jina la Kimya kila ikipiga nyimbo zile, kwa wiki tatu, kisha mtangazaji akabadilishwa na mpya hakujua. Wapiga dramu walijua. Yule mpiga dramu wa hoteli alianza kuwaambia wanafunzi wake mburuto ni wa nani, na hao wakawaambia wengine, na hapo ndipo jina lilipopata mahali pa kukaa.

Hasira ya mkunga ilikuja mwezi wa pili baada ya kikao. Alipiga simu mchana, akamwambia Fundi yote: kwamba aliwaibia yeye na mama yake mtu wao siku waliyomhitaji, akawaachia ugomvi wa miaka thelathini, akaenda kusikiliza wimbo wake redioni. Alisema mama yake alikufa akiwa amemchukia mtu asiyestahili kuchukiwa. Fundi alisikiliza amesimama. Alipoulizwa kama ana la kusema, alisema hana, na simu ikakatwa. Kwa wiki tisa hawakusikia habari yake. Fundi alitengeneza pasi na redio za watu, akala kidogo, na mkewe hakumkumbusha chochote.

Kisha, Jumanne moja kwenye saa tano, lango likasukumwa. Mkunga aliingia, akaamkia, akasema ametoka zamu, na kwamba angependa kusikia mingine. Si ule. Mingine, ile ambayo baba yake alikuwa ameipiga akiwa amelala vizuri. Fundi akaleta boksi, akachagua mkanda wa bendi moja ambayo ilikuja studio ikacheka tangu kuingia hadi kutoka. Dramu zilikuwa nyepesi na za haraka, na mahali fulani katikati, mtu mzito wa maneno alisikika akicheka pamoja nao.

Mkunga alitabasamu aliposikia kicheko hicho. Akaegemeza kichwa nyuma, sikio zima likielekea kwenye spika. Wimbo wa pili haukufika nusu alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, mkoba bado begani. Fundi akanyoosha mkono kuzima mashine, asimwamshe. Mkewe, aliyekuwa anakunja nguo, alitikisa kichwa, amwachie. Fundi akapunguza sauti, akaketi kwenye kiti cha pili, na mkanda ukaendelea kuzunguka.